Ninunue Gari Huku au Nikifika Kule? Kwa Anayehama Jimbo Marekani

Kila mwaka, shule zikikaribia kufungwa, simu yangu huanza kuleta swali lile lile. "Dada, nahamia Texas mwezi ujao. Gari ninunue huku Ohio au nisubiri nikifika?" Wengine wanakuja Minnesota, wengine wanaikimbia Minnesota kwa sababu ya baridi. Nimejibu wengi nikiwa kwenye mapumziko ya kazini, nikisema haraka haraka na kusahau nusu ya mambo. Leo nimekaa kuyaandika yote.

Jibu langu ni hili. Nunua miezi mitatu au zaidi kabla ya kuhama, au nunua ukishafika na una mkataba wa nyumba wenye jina lako. Kipindi cha katikati, zile wiki nne hadi sita za kufunga mizigo, usinunue kama una njia nyingine yoyote ya kufika. Mimi nilinunua katika kipindi hicho, na nakumbuka kila siku niliyoipoteza.

Ilikuwa 2024, nikiishi Dallas. Nilikwisha kupata kazi ya hospitali Minneapolis, na mwanangu alitakiwa aanze shule huko Septemba. Gari langu la zamani gia zilikuwa zinateleza, nikaogopa kulipandisha maili zaidi ya 900 kwa barabara ya I-35. Wiki tatu kabla ya safari nikaenda yadi moja, nikachukua Corolla iliyotumika kwa dola 14,800, kiasi taslimu na kilichobaki mkopo. Gari lenyewe halina kosa hadi leo. Kilichonitesa ni makaratasi.

Siku ile yadi ilinifungia namba ya muda ya karatasi, ya siku 60. Namba za chuma, wakaniambia, zitafika hapo yadini, watanipigia nizifuate. Ningetakiwa kuwauliza pale pale: zitafika lini, na mimi siku hiyo nitakuwa wapi? Sikuuliza. Simu yao ilinikuta nimeshamaliza mwezi mzima Minneapolis. Kuwaomba wazitume kwa posta kulichukua siku nyingine kumi na mbili na simu nisizozihesabu. Katikati ya kuzisubiri nilikwenda ofisi ya usajili Minnesota, na mama wa dirishani, mpole kabisa, aliniomba hati ya umiliki. Sina, iko kwa mkopeshaji. Nikampigia mkopeshaji, naye akasema bado hajaipokea kutoka Texas. Namba ya karatasi ilikuwa na siku sita kuisha. Mpaka mambo yakatulia nilikuwa nimekosa zamu tatu bila malipo.

Kwa hiyo unapojiuliza "huku au kule", jiulize hivi: gari litasajiliwa wapi kwa mara ya kwanza kwa jina langu, na hati itakuwa mkononi mwa nani siku nitakapofika? Ukipata jibu la hayo mawili, mengine yatafuata.

Kodi

Watu wengi wanadhani kodi ya gari inalipwa pale unaponunulia. Kwa kawaida inafuata pale unaposajilia. Ndiyo maana ule mpango wa "nitapita Oregon au Montana ninunue bila kodi" haumsaidii anayeishi kwingine. Ni kweli majimbo matano hayana kodi ya mauzo ya jimbo zima: Oregon, Montana, New Hampshire, Delaware na Alaska. Lakini siku utakapolipeleka gari kusajili nyumbani kwako, jimbo lako litadai chake. California inakwenda mbali zaidi: gari ulilonunua nje ukaliingiza ndani ya miezi 12, wao wanachukulia kwamba ulilinunua kwa matumizi ya California, na ni juu yako kuthibitisha vinginevyo.

Sasa utauliza, je, nikishalipa kodi huku nitalipishwa tena kule? Hapa majimbo hayafanani hata kidogo, na hapa ndipo hesabu ya miezi mitatu inapotoka. Chukua Minnesota. Kama ulinunua gari zaidi ya siku 60 kabla ya kuanza kuishi Minnesota, na lilikuwa limesajiliwa kwa jina lako kule ulikotoka, hawakudai kodi ya mauzo. Ukiwa ndani ya siku 60 wanakudai, ila wanakata kile ulichokwisha kulipa. Mimi nilikuwa nimelipa Texas asilimia 6.25, yaani dola 925. Minnesota ni asilimia 6.875, kwa hiyo nikalipa tofauti, dola 92 na senti 50. Si fedha ya kulilia, lakini ili nikatiwe hizo 925 ilibidi nionyeshe karatasi ya mauzo inayotaja kodi. Mtu aliyetupa karatasi hiyo kwenye boksi la mizigo asilojua liko wapi atalipa zote.

Texas kwa upande wake ina mlango mzuri kwa wageni. Gari ambalo tayari lilisajiliwa kwa jina lako katika jimbo lingine, ukihamia Texas unalipa dola 90 tu badala ya ile asilimia 6.25. Georgia nayo humtoza mhamiaji asilimia 3 ya thamani ya gari, wakati mkazi anayenunua hutozwa asilimia 7. Unaona basi: anayehamia Texas au Georgia akiwa na gari alilolisajili mapema kwake anapata nafuu kubwa, na anayenunua siku za mwisho akalisafirisha bila kulisajili anaikosa.

Ndivyo ilivyomkuta mdogo wangu wa upande wa baba mdogo. Alikuwa Columbus, anahamia Houston. Akanunua gari kwa mtu binafsi kwa dola 4,000, akaona kusajili Ohio ni kupoteza pesa kwa kuwa anaondoka baada ya siku tisa. Alipofika Texas akagundua mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, zile dola 90 hazimhusu, maana gari halikuwahi kuwa kwa jina lake Ohio. Pili, gari lililonunuliwa kwa mtu binafsi Texas hulitoza kodi kwa bei uliyolipa au asilimia 80 ya thamani ya kawaida ya gari hilo sokoni, ile iliyo kubwa. Bei yake ya udugu haikumsaidia, akatozwa kwa thamani ya wao wenyewe.

Na hakuishia hapo. Ohio wanataka sahihi ya muuzaji kwenye hati iwekwe mbele ya mthibitishaji wa sahihi. Muuzaji wake alisaini kwenye boneti ya gari, wakapeana mikono, basi. Ikabidi kijana amtafute yule bwana kwa simu kutoka Houston. Alimpata, Mungu mkubwa. Je, angekuwa amebadilisha namba?

Hati ya umiliki

Kwa waliozoea kadi ya gari ya nyumbani, hapa kuna karatasi mbili tofauti na watu wanazichanganya. Moja ni usajili, unaokuruhusu kutembeza gari na kufunga namba. Nyingine ni hati ya umiliki, inayosema gari ni la nani na nani analidai. Kuhama jimbo kunahitaji zote mbili, ila ya pili ndiyo inayosumbua. Ukiwa na mkopo, katika majimbo mengi hati inakaa kwa mkopeshaji, na siku hizi mara nyingi haipo hata kwenye karatasi, ipo kwenye mfumo wa kompyuta.

Kwa hiyo kama una gari la mkopo na unahama, fanya hivi wiki sita kabla. Piga simu kwa mkopeshaji, sema unahamia jimbo fulani na unataka kujua wanavyopeleka hati kwenye ofisi ya jimbo hilo. Ofisi nyingi za usajili zina fomu ya kumwandikia mkopeshaji. Uliza itumwe kwa anwani gani, kwa jina gani, na wao huchukua siku ngapi. Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Baadhi ya mikataba inakutaka utoe taarifa kabla ya kulitoa gari jimboni, na wenye gari la kukodisha kwa miaka ndio kabisa wasome mkataba wao, kwa sababu mwenye gari ni kampuni na ndiyo itakayosaini.

Ofisi zenyewe za usajili watu huziita zote DMV, yaani idara ya magari, lakini ukifika unaweza kukuta jina jingine. Texas usajili wa gari hufanywa kwenye ofisi ya kodi ya kaunti. Ohio hati unaichukua kwa karani wa mahakama na namba unazifuata BMV, idara ya magari ya kule, milango miwili tofauti. Angalia kabla hujaomba ruhusa kazini.

Muda nao si mmoja. Florida wanakupa siku 10 kusajili gari baada ya kuanza kazi au kuingiza mtoto shule, California siku 20, Texas 30, Minnesota 60. Leseni ya udereva ina hesabu yake peke yake: Texas 90, California 10. Thibitisha kwenye tovuti ya jimbo lako wiki unayoondoka, maana mabunge ya majimbo hubadili mambo haya. Texas, kwa mfano, iliondoa ukaguzi wa usalama kwa magari ya kawaida kuanzia Januari 2025, lakini kipimo cha moshi bado kipo kwenye kaunti za miji mikubwa kama Houston, Dallas na Austin. Na anayekwenda California na gari jipya azingatie maili: likiwa halijafika maili 7,500 linahesabiwa jipya, na kama halikutengenezwa kwa viwango vya moshi vya California linaweza kukataliwa usajili, isipokuwa kwa masharti maalumu. New York ina kanuni ya namna hiyo hiyo.

Bima kabla ya gari

Hili nalisisitiza kwa wadogo zangu wote. Kabla ya kupenda gari, pata bei ya bima kwa anwani mpya. Bima hupangwa kwa mahali gari linapolala usiku, na msimbo wa posta ukibadilika bei nayo inabadilika, wakati mwingine kwa kiasi cha kukufanya uchague gari dogo zaidi. Kila jimbo lina kima chake cha chini pia. Texas ni dola 30,000 kwa majeraha ya mtu mmoja, 60,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali. Minnesota unaongezewa bima ya kukutibu wewe mwenyewe bila kujali nani mkosaji, dola 40,000. Ukibaki na bima ya jimbo la zamani miezi na miezi huku unaishi kwingine, siku ya ajali kampuni inaweza kukuuliza gari lilikuwa linalala wapi. Usijiweke hapo.

Mkopo

Hapa kuna sababu moja ya kweli ya kununua kabla, na siikatai. Mkopeshaji anataka kuona hati za mshahara na anwani uliyokaa. Ukishahama, una barua ya ajira tu na nyumba ya wiki mbili. Kwa wale ambao historia yao ya mikopo hapa bado ni changa, tofauti hiyo inaweza kuwa kati ya kukubaliwa na kukataliwa, au kati ya riba ya kubebeka na riba ya kukamua.

Njia niliyoiona ikifaa ni kwenda kwenye chama cha akiba na mikopo, aina ile ambayo nyumbani tungeiita SACCO, chenye kukubali wanachama wa jimbo unalokwenda. Jiunge ukiwa bado una kazi ya zamani, omba kibali cha mkopo, uliza kinadumu siku ngapi na kama kinafaa kwa gari la jimbo jingine. Ukiwaomba wakopeshaji kadhaa, waombe ndani ya wiki mbili, maana alama za mkopo za FICO huhesabu maombi ya gari yaliyokaribiana kama ombi moja. Na kama unanunua nyumba kule, usiguse mkopo wa gari mpaka umekabidhiwa funguo za nyumba.

Gari lenyewe, kaskazini na kusini

Watu husahau kwamba gari hulelewa na mahali. Majimbo ya baridi humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi ile inakula chuma kutoka chini. Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu hapa Minneapolis kuangalia gari la miaka minane, rangi inang'aa, ndani linanukia vizuri. Tulimlipa fundi wetu alipandishe juu. Akamulika kwa tochi, akachukua bisibisi, akagonga taratibu kwenye kizingiti cha chini ya mlango. Kwa nje pamepakwa rangi nyeusi mpya. Kwenye pigo la tatu bisibisi ikazama ndani kama kwenye mkate, ukungu mwekundu wa kutu ukadondoka sakafuni. Kisha akatuonyesha bomba la breki, limevimba vimba kama mzizi. Binamu yangu alinyamaza. Ada ya fundi ile ndiyo fedha aliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka ule.

Kwa hiyo kama unatoka kusini kuja kaskazini na una miezi ya kutosha, gari la kusini lisilojua chumvi ni zawadi. Liandae tu: betri ipimwe nguvu yake kwenye baridi, kipozesha injini kipimwe kama kinahimili nyuzi za huku, matairi yafikiriwe. Na ile maji ya kuoshea kioo ya Texas imwage yote kabla ya Novemba. Yangu iliganda asubuhi ya kwanza ya baridi kali. Nilikuwa barabara kuu, lori likanirushia tope la chumvi, nikabonyeza, hakuna kilichotoka. Niliendesha dakika mbili nikichungulia kwenye sehemu ya kioo kubwa kama kiganja, mwanangu yuko nyuma. Sitaki mtu mwingine apitie hilo kwa kukosa chupa ya dola chache.

Unaponunua kusini, adui ni maji ya mafuriko. Baada ya kimbunga Harvey kuipiga Houston 2017 na kimbunga Ian kuipiga Florida 2022, magari mengi yaliyozama yalikaushwa na kuuzwa mbali. Mengine hati yake hupitishwa jimbo hadi jimbo mpaka lile neno Flood (mafuriko) au Salvage (limeharibika vibaya) lipotee. Chukua namba ya chasisi, yaani VIN, uiweke kwenye VINCheck, huduma ya mtandaoni ya NICB, shirika la kampuni za bima linalopambana na uhalifu, ni bure, halafu ulipie ripoti kamili ya historia. Kisha tumia mikono yako: vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake uone kama una mstari wa tope, inua zulia la buti, nusa kapeti gari likiwa limefungwa madirisha juani.

Yadini, soma karatasi iliyobandikwa dirishani, Buyers Guide. Sheria ya shirikisho inaitaka yadi iiweke kwenye kila gari lililotumika. Ikiwa pametikiwa As Is, yaani kama lilivyo, bila dhamana, ujue likiharibika njiani ni lako peke yako. Wengi pia wanaamini wana siku tatu za kurudisha gari. Sheria ya shirikisho ya siku tatu haihusu gari ulilonunua yadini.

Kama huna budi ununue wiki zile mbaya

Gari limekufa, kazi inaanza Jumatatu, hakuna namna. Basi kodi gari la safari moja, au panda ndege na utumie usafiri wa umma wiki ya kwanza, ununue kule. Mara nyingi ni nafuu kuliko unavyodhani ukijumlisha zamu utakazokosa. Ikishindikana kabisa, nunua yadini, si kwa mtu binafsi, na uwaambie kabla ya kusaini kwamba unahama. Baadhi ya yadi huweza kuandaa karatasi za jimbo unalokwenda na kukusanya kodi yake moja kwa moja. Iandikwe kwenye mkataba: kodi ya jimbo gani, namba zitatumwa kwa anwani gani, kibali cha muda ni cha siku ngapi. Ukilipa taslimu, dai hati siku ile ile au tarehe ya kuipata kwa maandishi. Karatasi zote ziweke kwenye bahasha moja, nayo isafiri kwenye mkoba wako, isiingie kwenye lori la mizigo.

Ukishasajili kule, usikate bima ya zamani siku hiyo hiyo. New York na Florida, kwa mfano, zinataka urudishe namba zao kwanza ndipo bima ikatwe, la sivyo leseni yako inaweza kusimamishwa na wewe uko mbali hujui lolote. Fungua namba za zamani, zitume kwa posta yenye ufuatiliaji, subiri risiti, ndipo upige simu ya bima. Risiti yangu ya posta ya gari nililokuwa nalo kabla ya kwenda Texas bado iko kwenye ile bahasha.